Karatasi ya Labo Inasema Nini? Habari za Tetekuwanga, Zona na Kinga ya Chanjo

Mwezi uliopita wazazi watatu, kila mmoja kwa siku yake, waliniuliza swali lile lile: "Mwalimu, ni kweli kuna kipimo cha damu cha kujua kama mtu ana kinga ya tetekuwanga?" Nilijibu ndiyo, kipo. Baadaye nikaona jibu langu lilikuwa fupi mno. Mimi mwenyewe nimeshika karatasi mbili za kipimo hicho. Moja ilitutoa hofu, nyingine ilimkosesha mdogo wangu mshahara, na zote mbili zilikuwa za watu wenye kinga. Halafu kuna shangazi yangu, ambaye hakuwa na karatasi yoyote, na yeye ndiye alinifundisha zaidi. Kwa hiyo naomba niandike kwa urefu kidogo.

Mambo yalianza Oktoba 2024, muhula wa kwanza. Jumatatu asubuhi mtoto mmoja wa darasa la watoto wadogo alikuja na vipele usoni na kifuani, vingine vina maji, vingine vimeanza kukauka. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mpox, ile ambayo majirani zetu wanaita ubushita bw'inkende, ilikuwa imeonekana Rwanda tangu Julai. Tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari, na tarehe 17 Septemba Rwanda ikaanza kuchanja watu kwa dozi 1,000 zilizotoka Nigeria. Basi kabla ya saa nne mama wanne walikuwa mlangoni wanataka watoto wao, na mmoja alishafunga kanga puani.

Muuguzi alikuja, akamvua mtoto shati, akamgeuza mgongo, akaangalia viganja na nyayo. "Hii ni ibihara," akasema. Ndiyo tetekuwanga, na wale waliosoma kwa Kifaransa wanaiita varisele. Alituonyesha anachotazama. Vipele vya tetekuwanga vinakuja kwa mafungu, leo hivi na kesho vingine, kwa hiyo sehemu moja ya ngozi unakuta vipya, vyenye maji na vilivyokauka vimechanganyika. Vya mpox mara nyingi vinakwenda pamoja hatua kwa hatua, vinapenda viganja na nyayo, na mtu anavimba tezi. Lakini jicho linaweza kukosea, na huko kwetu Kongo wamekutwa watu wenye virusi vyote viwili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana alichukua majimaji ya kipele yakapimwe. Jibu lilirudi: tetekuwanga.

Sisi tulipiga makofi. Mwalimu mwenzangu hakupiga. Alikaa kwenye benchi, mkono juu ya tumbo. Alikuwa na mimba ya miezi minne, na yule mtoto alikuwa amelala mapajani mwake Ijumaa nzima kwa sababu ya homa.

"Wewe uliugua utotoni?" nikamuuliza.

"Nani wa kuniambia?" akajibu. Mama yake alifariki njiani walipokimbia kutoka Masisi. Bibi aliyemlea anakumbuka surua ya mwaka fulani, lakini hakumbuki ilikuwa ya mjukuu gani.

Watu wengi wanasema tetekuwanga ni ugonjwa wa watoto tu, na kwa mtoto mwenye afya kweli mara nyingi unapita kwa wiki moja. Kwa mtu mzima ni habari nyingine. Unaweza kushuka kwenye mapafu, na kwa mama mjamzito hatari hiyo ni kubwa. Mimba ikiwa bado changa virusi vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mama akiugua siku chache kabla au baada ya kujifungua, mtoto mchanga anaweza kuugua vibaya sana. Tena wengi hawajui kwamba katika nchi za joto watu wengi wanafika utu uzima bila kuugua, tofauti na Ulaya ambako karibu kila mtoto anaugua mapema. Kwa hiyo ile ya kusema "wewe mkubwa, lazima ulishaugua" si hakika. Kumchanja hapo hapo pia haikuwezekana, maana chanjo ya tetekuwanga ina virusi hai vilivyodhoofishwa na mjamzito hapewi. Muganga alisema kilichobaki ni kupima damu haraka. Kama hana kinga, kuna dawa ya aciclovir inayoweza kuanzishwa kabla ugonjwa haujatokea. Na kipimo chenyewe, aende Kigali.

Kigali, Oktoba 2024! Tarehe 27 Septemba serikali ilikuwa imetangaza Marburg, na wengi walioambukizwa walikuwa wafanyakazi wa hospitali hapo hapo mjini. Kuwatembelea wagonjwa hospitalini kulikuwa kumekatazwa. Mume wake alisema bora tetekuwanga kuliko Marburg. Yeye alifikiri usiku mmoja, asubuhi akaniomba nimsindikize kwa sababu mume alikuwa na kibarua. Tulishuka Nyabugogo, tukanawa mikono kila mlango, tukapimwa joto, tukaenda kwenye labo moja ya mjini ambayo si hospitali.

Pale kwenye viti vya kungojea kila mtu alikuwa anaongea juu ya chanjo. Tarehe 6 Oktoba Rwanda ilikuwa imeanza kuwachanja wafanyakazi wa afya dhidi ya Marburg, chanjo ya majaribio iliyoletwa na taasisi ya Sabin ya Marekani. Mzee mmoja akauliza, "Inafanya kazi?" Kijana wa labo akajibu kwamba majaribio ya mwanzo yalionyesha watu waliochanjwa wanatengeneza kingamwili. "Sijauliza hilo," akasema mzee. "Nimeuliza inafanya kazi?" Watu walicheka, lakini mimi niliona mzee ameuliza swali la maana kuliko sisi wote. Kuwa na kingamwili ni jambo moja. Kama hizo kingamwili zitakuzuia kuugua ni jambo la pili, na kati ya mambo hayo mawili kuna kazi ya miaka.

Jibu la mwalimu mwenzangu lilikuwa pozitifu. Kwenye vipimo vingine tunaogopa neno hilo, lakini hapa ni neno zuri. Maana yake damu yake ilikuwa na kingamwili za tetekuwanga za ile aina inayoitwa IgG, yaani aliugua zamani, pengine katika safari ile ile ya kukimbia. Alilia kidogo pale nje, kisha akasema ana njaa.

Nilimuuliza yule kijana wa labo wanaonaje kitu ambacho hakionekani. Mimi nilimaliza sekondari upande wa biolojia na kemia, lakini kipimo hicho tulikisoma kwa kukariri tu, hatukuwahi kukigusa. Alinionyesha kisahani cha plastiki chenye vishimo 96. Chini ya kila kishimo wamegandisha protini za virusi vya tetekuwanga. Wanadondosha majimaji ya damu yako. Kama una kingamwili, zinang'ang'ania zile protini, na zisizo na cha kushika zinaoshwa na kumwagwa. Kisha wanaweka kitu kingine kinachoshika kingamwili za binadamu, nacho kimebeba kimeng'enya. Mwisho wanaweka maji ya rangi. Palipo na kingamwili nyingi rangi inakolea, pasipo na kitu panabaki peupe. Mashine inasoma ukali wa rangi na kutoa namba. Juu ya mstari fulani wanaandika pozitifu, chini ya mstari wanaandika negatifu, katikati kuna eneo la mashaka ambapo wanakuambia urudi.

Jambo la kuuliza ni nani aliuweka mstari huo, na aliuweka kwa ajili ya nani. Hilo nililijua miezi minne baadaye, usiku wa manane, kwa simu kutoka Marekani.

Mdogo wangu wa kike aliondoka kambini hapa mwaka 2019 na kupelekwa jimbo la Kentucky. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Sehemu ya pesa hiyo ndiyo anayomtumia mama. Februari 2025 mzee mmoja pale alitokwa na zona mwili mzima. Hapa wengi wanaijua zona kwa jina hilo la Kifaransa, na ndugu wa Tanzania na Kenya wanaiita mkanda wa jeshi. Zona na tetekuwanga ni virusi vile vile, na mtu mwenye zona anaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu asiye na kinga. Basi wafanyakazi wote wakapimwa damu. Yeye alikuwa amechanjwa chanjo ya tetekuwanga mara mbili mwaka 2020, lakini karatasi ikasema negatifu. Akaambiwa akae nyumbani bila malipo mpaka siku za hatari ziishe. Siku za hatari ni kuanzia ya 8 mpaka ya 21 tangu mtu akutane na mgonjwa.

"Kaka, chanjo yao haikunishika," akaniambia. "Au damu yetu sisi ni tofauti?"

Niliogopa kumjibu ovyo. Nilianza kutafuta, nikamuuliza na muganga wetu, na kumbe jambo lake linajulikana sana. Vipimo vinavyouzwa kwa labo nyingi duniani vilitengenezwa kwa watu walioupata ugonjwa wenyewe. Ugonjwa unaleta kingamwili nyingi sana. Chanjo ina virusi dhaifu, inaleta chache zaidi, na hizo chache mara nyingi zinapita chini ya mstari bila kuonekana. Sisi tuliokaa karibu na Ziwa Kivu tunaelewa vizuri: ukitupa wavu wa matundu makubwa utapata samaki wakubwa, lakini huwezi kurudi pwani na kusema ziwani hakuna sambaza. Wanaotengeneza kipimo wanauweka mstari juu kwa makusudi, ili wasimwambie mtu ana kinga kumbe hana. Kwa hiyo karatasi ikisema pozitifu, unaweza kuiamini vizuri. Ikisema negatifu kwa mtu aliyechanjwa, inawezekana ni wavu tu.

Wavu wa matundu madogo upo. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani, akiwemo Anne Gershon, walieleza kipimo kinachoitwa FAMA. Badala ya protini zilizogandishwa kwenye plastiki, wanachukua seli zilizoambukizwa virusi zikiwa bado hai, wanazichanganya na majimaji ya damu ya mtu, kisha wanaweka rangi inayong'aa na kutazama kwa mikroskopu. Kama kingamwili zimeshika juu ya ngozi ya ile seli, inaonekana imezungukwa na pete ya kijani. Kipimo hiki kinaheshimiwa kwa sababu walikilinganisha na maisha yenyewe. Walifuatilia watu waliokaa nyumba moja na mgonjwa wa tetekuwanga, na waliokuwa na alama ya FAMA mara chache sana waliugua. Ubaya wake ni kazi ngumu ya mikono na ni labo chache zinazokifanya. Watengenezaji wa chanjo nao wana kipimo chao kinachotumia protini zenye sukari zilizosafishwa za virusi. Katika hicho, mtoto aliyefikisha vipimo 5 au zaidi wiki sita baada ya chanjo alikuwa na nafasi ndogo ya kuugua baadaye. Hicho pia si cha kukuta kila mji.

Msifikiri chanjo inamshika kila mtu mara ya kwanza. Mwaka 2008 kundi la Gershon lilitoa utafiti wa watoto 148 wenye afya waliopata dozi moja. Walipowapima kwa FAMA, watoto 113 tu walikuwa na kinga, yaani 76 katika kila 100. Watoto 35 walichanjwa, wazazi wakarudi nyumbani wameridhika, na kinga haikuonekana. Hilo lilisaidia kueleza kwa nini shule za Marekani ziliendelea kuona milipuko midogo hata baada ya chanjo kuanza huko mwaka 1995, na kwa nini mwaka 2006 walishauri kila mtoto apate dozi mbili. Dozi ya pili inawakamata wengi wa wale walioachwa na ya kwanza.

Tena kuhesabu kingamwili hakutoshi. Askari mia wanaolala si sawa na kumi walio macho. Kuna labo zinachanganya damu na virusi hai na kuangalia ni virusi vingapi vinashindwa kuingia kwenye seli. Nyingine zinapima kingamwili inashika kwa nguvu kiasi gani, kwa kuiosha na kemikali kali kuona kama itaachia. Hata hapo kuna kisichoingia kwenye kipimo chochote cha damu cha kawaida, nacho ni kumbukumbu. Mwili uliochanjwa unaweza kuwa na kingamwili chache leo, lakini seli zinazojua kuzitengeneza zipo zimekaa. Tetekuwanga inachukua siku 10 hadi 21 tangu kuingia mpaka vipele, kwa hiyo mwili unapata nafasi ya kuamka.

Kwa sababu hizo zote, wataalamu wa Marekani wenyewe wameandika kwamba mfanyakazi wa afya mwenye hati ya dozi mbili anahesabiwa ana kinga, na kipimo cha negatifu kinachokuja baadaye hakifuti hati hiyo. Nilimwambia mdogo wangu: wapelekee kadi ya chanjo.

Kimya.

"Kaka, nilihama nyumba mara tatu. Kadi sijui iko wapi."

Mtu aliyeishi kambini anajua uzito wa neno hilo. Hapa bila karatasi hupati mgao, huandikishwi, wala mtoto hafanyi mtihani. Mama alikuwa amekaa pembeni anasikiliza, akasema, "Si alitutumia picha?" Kumbe mwaka ule wa kwanza alikuwa anatupigia picha kila kitu kwa furaha: friji, theluji, kitambulisho, basi la njano la shule. Nilikaa na simu mpaka saa nane usiku, betri inaisha, nikiteremka picha moja moja, na hapo ndipo niliiona, kati ya sahani ya kuku na mti usio na majani. Kadi, dozi ya kwanza na ya pili, tarehe na muhuri. Niliituma. Waliikubali na akarudi kazini. Alikuwa ameshapoteza siku sita, na mwezi ule mama hakutumiwa kitu.

(Sindano yenyewe ina historia yake. Mjapani Michiaki Takahashi alikuwa Houston, Marekani, mwaka 1964 mtoto wake wa kiume alipougua tetekuwanga vibaya. Aliporudi Japani alivichukua virusi kutoka kwa mtoto mwingine mgonjwa, wa ukoo wa Oka, akavikuza tena na tena kwenye seli mpaka vikadhoofika. Mwaka 1974 akatangaza chanjo. Mpaka leo virusi vile vya chanjo vinaitwa Oka.)

Sasa nije kwa shangazi. Yeye ana miaka zaidi ya 60, na ameniruhusu niandike habari zake bila jina. Juni 2025 aliamka na maumivu ya kuchoma ubavuni upande wa kushoto, kama mtu amewekewa kaa la moto. Siku ya tatu vipele vikatoka kwa mstari, kutoka mgongoni kuja chini ya titi. Majirani wakaanza. Mmoja akasema ni nyoka wa kutumwa. Mwingine akasema mkanda ukizunguka na kukutana, mtu anakufa, kwa hiyo apakwe majivu kuuzuia. Wengine hawakusema kitu mbele yake. Walisema nyuma yake, neno moja: sida.

Neno hilo halikutoka hewani. Mwaka 1983 madaktari katika Centre Hospitalier de Kigali waliwatambua wagonjwa wa ukimwi wengi kwa wiki chache tu, na habari yao ilitoka mwaka 1984 katika jarida la Lancet. Walipoendelea kuchunguza waliona kwamba watu wazima wenye nguvu, vijana wa mjini, walikuwa wanakuja na zona, na walipowapima wengi mno walikuwa na virusi vya ukimwi bila dalili nyingine. Mwaka 1988 Philippe Van de Perre na wenzake waliandika kutoka Kigali kwamba zona kwa mgonjwa wa Afrika inaweza kuwa alama ya mapema. Mwaka huo huo Robert Colebunders na wenzake waliandika habari kama hiyo kutoka Kinshasa. Tangu hapo kila muganga akiona zona anashauri kipimo, na anafanya vizuri. Lakini mtaani mambo yalibaki nusu. Watu walishika "zona ni sida" na kuacha sababu nyingine, ambayo duniani kote ndiyo kubwa zaidi: uzee. Shangazi alipima. Hana. Ameniambia niandike hivyo hivyo.

Yale ya Kigali yanatufundisha jambo jingine, na hapa ndipo narudi kwenye kipimo. Mtu akishapona tetekuwanga, virusi haviondoki mwilini. Vinajificha kwenye mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo na kulala miaka 20, 40, 60. Siku vikiamka vinafuata neva moja kuja kwenye ngozi, na ndiyo maana zona inakaa upande mmoja na kwa kawaida haivuki katikati ya mwili. Ule mkanda wa kukutana na kuua ni hofu tu. Sasa, wale wagonjwa wa Kigali hawakukosa kingamwili za tetekuwanga. Waliwahi kuugua utotoni, kingamwili zao zilikuwepo kwenye damu. Walichopoteza ni askari wa aina nyingine, seli zinazoitwa T, ambazo virusi vya ukimwi vinaziua. Kinyume chake, kuna watoto wachache duniani wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza kingamwili, na mara nyingi hao tetekuwanga wanaivuka vizuri. Wanaoumia sana ni wale wasio na seli T.

Maana yake, kama mngempima shangazi siku moja kabla ya zona kwa kile kisahani cha vishimo 96, rangi ingekolea na karatasi ingeandika pozitifu kwa herufi kubwa, na kesho yake angeamka na moto ubavuni. Kingamwili zinazunguka kwenye damu zikingoja adui wa nje. Yule aliyelala ndani ya neva hawamfikii, na anayemlinda asiamke ni seli T, ambazo zinapungua nguvu kwa uzee. Tena baada ya zona kingamwili zinapanda juu zaidi, kwa hiyo namba kubwa inaweza kuwa ni habari ya ajali iliyokwisha kutokea.

Ndiyo maana chanjo ya zona ilikuwa na njia ndefu. Ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 2006. Ilikuwa ni ile ile ya watoto, iliyoongezwa nguvu kama mara 14. Katika jaribio kubwa la watu zaidi ya 38,000 ilipunguza zona kwa nusu tu, asilimia 51. Ya pili, Shingrix, ilikubaliwa huko mwaka 2017. Haina virusi hai, ina protini moja ya virusi na kiamsho kinachotokana kwa sehemu na gome la mti wa Chile. Kwa watu wa miaka 50 na zaidi jaribio lake la kwanza lilionyesha asilimia 97. Hata hiyo iliyofanya vizuri hivyo, hakuna namba ya kingamwili iliyokubaliwa kwamba ukiifikia huwezi kupata zona. Walijua inafanya kazi kwa kuhesabu waliougua na wasiougua, kazi ya kufuatilia maelfu ya watu kwa miaka. Ni jibu ambalo yule mzee wa Kigali angelikubali.

Kuna mzazi atauliza: hiyo ya watoto tunaipata wapi? Chanjo ya tetekuwanga haimo kwenye orodha ya chanjo za kawaida za watoto hapa Rwanda. Na si sisi tu. Uingereza yenyewe ilikaa miaka mingi bila kuwapa watoto wote, ikatangaza mwaka 2025 kwamba itaanza Januari 2026. Moja ya sababu za kuchelewa ilikuwa wazo la daktari wa kijijini huko, Hope-Simpson, aliyeandika mwaka 1965 kwamba mtu mzima anayekutana na watoto wenye tetekuwanga anaamshwa kinga yake, hivyo zona inakaa mbali. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha faida hiyo si kubwa kama walivyohofia kuipoteza. Mimi ninayekaa na watoto 50 kila asubuhi ningependa awe sahihi kabisa.

Kwa nyumbani, muuguzi amenituma niseme haya. Mtoto mwenye ibihara abaki nyumbani mpaka vipele vyote vikauke. Kata kucha zake. Homa ni paracetamol, si aspirini. Mama mjamzito aliyekaa naye aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, asingoje vipele. Mwenye zona aifunike kwa kitambaa safi na aende mapema, maana dawa inasaidia zaidi ikianza ndani ya siku tatu. Shangazi alikwenda siku ya nane kwa sababu ya majivu. Vidonda vimepona lakini maumivu bado yapo, usiku hawezi kulalia upande ule, na shuka ikimgusa anashtuka.

Mwalimu mwenzangu alijifungua Machi 2025, mtoto wa kike, kilo tatu na kidogo. Ile karatasi ya Kigali ameikunja pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto ndani ya mfuko wa plastiki, na juzi nilimwona anaipiga picha na kumtumia dada yake.